Kiapo cha Karani wa Masjala

Mke wangu ni karani wa masjala ya Bunge, chumba kile ambacho barua zote huingia, hupewa namba, kisha hulala. Huu ni mwaka wake wa thelathini na moja humo. Wenzake humwita Kabati, na si kwa sababu ya umbo, ingawa mimi humtania hivyo nikitaka kufukuzwa jikoni. Ni kwa sababu kinachoingia kwake hakitoki. Siku ya kwanza ya kazi alikula kiapo kwamba hatasema nje chochote anachokisoma ndani, na amekishika kiapo hicho mpaka inakera. Nalala kitanda kimoja na mwanamke anayejua siri za wabunge mia mbili, na sijawahi kuambulia hata moja.

Nimemtembelea kazini mara chache. Dirisha liko juu, karibu na dari, na mchana mwanga huteremka polepole kwenye rafu, vumbi likielea humo bila haraka yoyote. Yeye hupita katikati ya majalada akiyagusa migongo kwa ncha za vidole, midomo ikicheza, akitaja namba ambazo hazimhusu mtu mwingine duniani. Barua ikifika huigonga muhuri wa tarehe, huiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, huitoboa, huifunga katika jalada lake na kuipa namba ya ukurasa, ambayo wao huiita folio. Ikishapata folio haitolewi tena. Jumapili mchana hujilaza kidogo kwenye kochi, na usingizini mkono wake hugonga mto, taratibu, mara moja moja. Mimi hukaa namtazama, najiuliza ni barua ya nani hiyo anayoipokea.

Ipo moja niliyokuwa nikiiogopa.

Miaka kumi na tisa iliyopita alipendekezwa kuwa mkuu wa masjala ya ofisi ndogo ya Bunge katika mji wa mbali, safari ya siku mbili. Watoto walikuwa wadogo, mimi na cherehani yangu ndiyo kwanza tumeanza kupata wateja, na niseme ukweli, niliogopa kubaki peke yangu. Badala ya kumwambia, nilimwandikia mbunge wetu, ambaye alikuwa kwenye kamati ya watumishi wa Bunge. Nikamwomba jina la mke wangu liondolewe kimyakimya. Nikatia na chumvi: nikaandika kwamba yeye mwenyewe hataki kwenda, ila anaona haya kusema. Barua sikuipeleka Bungeni, sikuwa mjinga kiasi hicho. Niliipeleka kwa mkono ofisi ya jimbo, nyuma ya soko, nikarudi napiga mluzi.

Baada ya wiki tatu mke wangu alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema, "Wamempa mwingine." Nikasema pole. Aliniangalia kwa muda, kisha akatoka kwenda kuanua nguo.

Basi mwaka huu ukaja mswada. Sheria ya nyaraka za umma inawabana mawaziri, makatibu, hata mganga wa zahanati: mwananchi akiomba kuona barua zao za kazi, lazima aonyeshwe. Wabunge peke yao hawamo. Mswada unataka nao waingizwe, barua zao na ujumbe wao wa simu wa kikazi, za sasa na za zamani. Mtaa mzima uliushangilia, na zaidi ya wote mwalimu mstaafu ambaye huja kusoma gazeti dukani kwangu bila kulinunua. Zahanati tuliyoahidiwa ilihamishiwa kata nyingine, na yeye ana hakika ipo barua inayosema nani aliomba.

"Fundi, hawa watu wametutungia sheria sisi wote, wao wakajishonea pazia," alisema.

"Na mnyonge je, mwalimu?" nikamrukia. "Mama anayepigwa, mgonjwa, mtu aliyemwandikia mbunge shida yake ya ndani? Naye tumwanike?"

Nilisema kwa uchungu hata mwalimu akavua miwani. Wateja wakaanza kuniita mtetezi wa wanyonge, nami nikakubali, huku jasho jembamba linanitoka na mkono wa shati nimeushonea kwenye kola. Hoja yenyewe ilikuwa ya kweli. Mwongo alikuwa mimi. Mchana, cherehani ikiunguruma, niliota macho wazi. Niliziona barua zikitoka katika majalada yao, zikishuka ngazi za Bunge, zikipita mtaani moja baada ya nyingine, zikiulizia kwa upole nyumba za walioziandika. Yangu haikuuliza. Ilikuwa inaijua njia.

"Mama watoto, huu mswada wewe unauonaje?" nilimpima siku moja.

"Kamati imeniita nikaeleze," alijibu, akikunja shuka. "Utanisikia redioni kama wengine."

Alhamisi hiyo mvua ilianza asubuhi na haikukumbuka kuacha. Tulikuwa wawili dukani, mimi na mwalimu, redio katikati yetu. Sauti ya mke wangu ilikuja nyembamba, tulivu, kama yuko chumba cha pili. Alieleza muhuri, daftari, folio. Mbunge mmoja akamwuliza kama haoni kwamba wananchi wataogopa kuwaandikia.

"Mheshimiwa, anayeandika shida yake mwenyewe, jina lake tulifunike. Hilo tunaliweza, wino tunao," alisema. "Lakini kuna barua mtu anaandika juu ya maisha ya mwenzake, mbunge anaifanyia kazi, na mwenzake hajui lolote. Huyo naye ni mwananchi. Mimi nasema huyo afunguliwe jalada."

"Umemsikia mkeo?" Mwalimu alinipiga begani. "Kichwa hicho, bwana!"

Nilipunguza sauti ya redio.

Mke wangu alifika saa kumi, mwavuli ukichuruzika, akapitia dukani kama kawaida yake. Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Nilifunga mlango, nikamwambia yote, macho yangu kwenye sindano.

"Jalada la jimbo letu," alisema, "folio ya arobaini na sita."

Nikainua kichwa.

"Ofisi ya jimbo haina masjala, mume wangu. Kila Ijumaa hutuletea karatasi zao kwenye boksi. Niliipokea mimi. Nikaigonga muhuri, nikaiandika daftarini, nikampelekea mbunge mezani kwake."

Ni mume wa karani wa masjala tu anayeweza kukosea vile: kila jioni nasikia habari za mihuri na maboksi, halafu nadhani karatasi hubaki pale ulipoiacha.

"Si ungeichana!"

"Halafu niwe karani gani?"

"Basi ungeniuliza. Miaka kumi na tisa!"

"Nilikula kiapo. Nilichokisoma mle ndani sina ruhusa ya kukitamka nje, hata kwako. Nikawa nangoja useme wewe." Aliweka mwavuli chini. "Mimi mdomo wangu ulifungwa na sheria. Wako ulifungwa na nini?"

Aibu ilinishika, nikatamani mvua ile inibebe. Nikamwambia niliogopa kubaki peke yangu.

"Najua. Hilo nilishalisamehe zamani, na cheo nimekisahau." Aliketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. "Ninachokichukia ni ule mstari wa tatu. Mswada ukipita, watoto wetu wanaweza kwenda kuliomba jalada lile, na watasoma kwamba mama yao mwenyewe hakutaka kwenda. Mbunge aliamini hivyo, waliokaa kwenye kikao wakaamini hivyo, na ndivyo ilivyoandikwa. Na bado leo nimewaambia wafungue."

Sauti yake ilitetemeka, jambo nililolisikia mara mbili tu maishani mwetu.

"Nilitaka kwenda, baba watoto. Nilitaka sana. Nilikuwa nimeshanunua begi."

Mimi sikuwahi kumwuliza.