Viatu vya Mlangoni kwa Karin

Juzi mjukuu wangu alikuta viatu vimejaa mlangoni kwangu, hapa Birmingham, akauliza kama kuna pati. Nilicheka. Mimi nilipokuwa na umri wake, viatu vingi mlangoni vilikuwa na maana moja tu: kuna msiba. Pale Winson Green, mtaa tuliokaa humu Birmingham, majirani wetu Waingereza waliingia ndani na viatu vyao. Rundo mlangoni nililiona Wazanzibari wenzetu walipokuja kusoma hitma.

Siku moja ya utoto wangu, mimi na mama tulikuwa Gothenburg, Sweden, meli imetushusha asubuhi na jioni ituchukue. Tulikwenda kwa Karin, aliyewahi kufanya kazi ya unesi na mama. Nyumba ilinukia kahawa na iliki, kama matangani. Mlangoni palikuwa na viatu chungu nzima, vingine vikubwa, vya kiume. Sikuwa na shaka. Nikamshika Karin kwa mikono miwili, nikamwambia kwa Kiingereza changu safi, "Pole kwa msiba."

Mama akanifinya. "Unawachuria watu!"

Sikujua kwamba kule kila mtu huvua viatu, kwa sababu ya theluji na tope tu, na viatu vya nyumba nzima hukaa mlangoni. Lakini Karin hakuniachia mkono. Mumewe, mwenye vile viatu vikubwa, alizikwa majira ya baridi, na mama hakuwa na habari.

"Watu waliniletea maua," Karin alisema, "kisha wakaniacha peke yangu. Huku hiyo ndiyo heshima."

 Mama akavua koti, akauliza mchele uko wapi.

Jioni meli iliondoka bila sisi.