Shati Nyuma ya Mlango

Tangu manowari za serikali zizibe mlango wa bandari, fundi cherehani anafumua zaidi kuliko anavyoshona. Uzi mpya hauingii mjini, basi huuvuta wa nguo kuukuu taratibu, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo, akiuzungusha kidoleni mpaka kidole kinenepe. Ukimwuliza mama huyu hali, hujibu, "Tunaungaunga tu, mwanangu," kisha hukata fundo kwa meno na kucheka peke yake. Nyuma ya mlango limetundikwa shati moja asilolifumua: jeupe, la baharia wa manowari hizohizo, la mwanawe. Wateja huliona wakageuza macho.

Leo jirani mjamzito ameleta pazia likatwe vinguo vya mtoto. Kigauni cha kwanza hakijaungwa hata mabega, uzi ukaisha. Machozi yakamlengalenga jirani. "Hivi hao walioko baharini hawana mama?" Halafu akakumbuka yuko kwa nani, akaziba mdomo. Fundi akainuka, akalitungua shati, akalilaza mapajani na kulinyoosha kola kwa kiganja. Akatafuta ncha ya uzi kwa ukucha. "Wanao," alisema, akaanza kufumua.