Plagini ya Kurina Asali

Mwaka ule nilikuwa sikaliki. Nilikuwa na stesheneri hapa Mpanda, nachapa barua za watu na kutoa kopi, na kwenye kompyuta ya kona nimefungua seva ya gemu la kujenga. Vijana wa chuo wanaingia, wanacheza pamoja. Siku moja nikawaambia: nyie subirini, nawaletea nyuki.

Nikaandika plagini, yaani kipande cha programu unachokibandika kwenye seva kikaongeza kitu ambacho gemu halikuwa nacho. Yangu iliweka mizinga ya magome juu ya miti, na mrinaji anayepanda na moshi wake. Ukisahau moshi, umekwisha. Siku ya kuijaribu, nyuki wa ndani ya gemu walinifukuza hadi mtoni, nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Nikataka dunia nzima iipate. Kuna tovuti ambako waandishi wa plagini wanawekeana kazi zao, na ina mwongozo wake: eleza inafanya nini, taja toleo la seva, usifiche kitu ndani, na ambacho hukukiandika wewe onyesha ruhusa ya mwenyewe. Niliupitia juu juu, nikatuma, nikatangazia mji mzima.

Baada ya siku mbili mkaguzi wa tovuti akaikataa. Aliuliza ile sehemu ya moshi nimeitoa wapi.

Nilichemka. Ile mistari ya programu inayotoa moshi niliiokota mtandaoni, kwenye ukurasa wa mtu ambao haukuwa na ruhusa wala katazo. Mimi nimekulia kwa mjomba wangu, mfuga nyuki wa Inyonga. Kule mzinga wenye alama ya mtu huugusi. Lakini ukikuta nyuki kwenye tundu la mti porini, na mti hauna alama, unachonga yako, nyuki ni wako. Basi na mimi nilichonga, nikaweka jina langu.

Nikampigia mjomba, nikijua atakuwa upande wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mama, wale nyuki wa porini hakuna mtu aliyewachongea tundu. Huo moshi wako ulijiandika wenyewe?"

Nilimkasirikia siku nzima kwa sababu alikuwa sahihi.

Kesho yake nikamwandikia mwenye mistari, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikakiri na kuomba. Akikataa au akinyamaza, basi tena. Moshi wa namna ile nilishajaribu kuuandika mwenyewe ukanishinda. Nilifungua barua pepe mara ngapi sijui, wateja wanasonya wakisubiri kopi zao.

Siku ya tano jibu likaja. Nililisoma nimesimama. Ruhusa ametoa, leseni, yaani ruhusa ya maandishi, anaiweka kwenye ukurasa wake leo leo, nimtaje tu. Kisha akaongeza kwamba aliuandika ule moshi miaka kadhaa nyuma, akangoja, hakuna hata mmoja aliyemwambia ameuona, akaacha kabisa kuandika. Alikuwa amewasha tena kompyuta kwa sababu ya ujumbe wangu.

Nikaituma upya plagini, ikapita jioni ileile, majina mawili, la kwake juu. Vijana walijaa dukani wakipanda miti ya kwenye gemu kwa fujo, na mimi nina furaha mpaka machozi yananitoka. Ilibaki kidogo tu mtu yule asijue maisha yake yote kwamba kazi yake imefika Mpanda.