Mwalimu Usifute

Watoto ndio waliompachika jina la Usifute, naye akalipokea kwa mikono miwili. Miaka kumi na tisa darasani, hajawahi kufuta jibu lisilo sahihi ubaoni. Aliyekosea hurudi mwenyewe, leo au kesho, aonyeshe alipoteleza. Utotoni yeye alifutiwa hesabu zake bila kuambiwa kosa liko wapi, akajiona mbumbumbu mpaka darasa la saba. Hasira ile hajaimeza hadi leo. Mumewe, fundi cherehani, humtania kwamba nyumbani kwao hata mchuzi ukizidi chumvi haumwagwi mpaka aliyeuharibu ajieleze.

Asubuhi ya ukaguzi, mwalimu mkuu alimsubiri mlangoni, dasta mkononi.

"Mwalimu, nakuomba, futa ile hesabu ya ubaoni. Ripoti mbaya nyingine, darasa la tatu wanakunyang'anya. Utapelekwa stoo kutunza vitabu."

"Vitabu havina shida, mkuu. Havikosei."

Alisema hivyo kwa mdomo tu. Darasa lile ndilo pekee alilokuwa nalo, na stoo ingemuua taratibu.

Ubaoni palikuwa na 402 toa 178, jibu 376, kwa mwandiko wa msichana wa dawati la mwisho, yule asiyenyoosha mkono hata akijua. Mkaguzi aliingia, suruali imenyooka kwa pasi, mwalimu mkuu nyuma yake. Akatazama ubao, akatazama andalio la somo, akachukua dasta na kufuta.

Usifute akaokota chaki, akaiandika upya hesabu ile, na jibu lake lilelile.

"Mwalimu, unafundisha makosa?"

"Ndiyo, bwana mkaguzi. Wakiyaogopa watayaficha, na nisiloliona siwezi kulifundisha."

"Uko nyuma ya azimio la kazi wiki tatu."

"Najua."

Hapo msichana wa dawati la mwisho akainuka bila kuitwa. Alitembea taratibu mpaka ubaoni, akahangaika na chaki, kisha chini ya jibu lake la jana akaandika 234.

Mkaguzi akaguna. "Bado si sahihi."

"Jana alikuwa anatoa ndogo kwenye kubwa tu, hata ndogo ikiwa juu. Leo ameazima kwenye mamia. Amesahau kwamba makumi nayo yametoa moja kwa mamoja." Usifute akamgeukia mtoto. "Umefika mbali, mama. Simama hapo hapo, itazame."

Mkaguzi hakuwa na muda wa kutazama. Alijaza fomu yake juu ya meza ya mwalimu, akamsogezea atie sahihi. *Mwalimu yuko nyuma wiki tatu.* Chini kulikuwa na nafasi ya maoni ya mwalimu, ambayo shule nzima huiacha wazi na kusaini haraka haraka. Usifute akakaa, akaandika bila papara:

*Ni kweli. Niko nyuma pamoja na watoto wote hamsini na wanane. Sijamwacha hata mmoja.*

Mwalimu mkuu alisoma begani kwake, akashika kichwa. "Umejimaliza, mwalimu. Ufunguo wa stoo nikuletee sasa hivi?"

Kule ubaoni msichana alikuwa bado amesimama, akihesabu makumi kwa vidole, midomo ikichezacheza.

"Uniletee," alisema Usifute, akitia sahihi. "Lakini unisubiri nje. Huyu hajamaliza."