Picha Safi, Mugongo Inauma

Sikuanguka, sikugongwa na pikipiki, lakini mugongo yangu iliuma miezi na miezi. Kule Butembo nikapigwa picha ya mifupa. Daktari akaitazama kwenye mwanga, akatabasamu.

"Mama, hapa hapana kitu. Mifupa iko muzuri kabisa."

Bwana yangu alifurahi hata akatangaza habari kwa majirani. Wakaja na ndizi kunipongeza. Nami nimelala kifudifudi kwenye mukeka, napokea pongezi za mifupa, hasira imenijaa. Niliomba Mungu anipe hata ufa kidogo tu, ili watu waniamini.

Dada ya bwana yangu, ambaye tunauza vitenge pamoja, akanipeleka Beni kwa kiné, mutaalamu wa kunyoosha migongo kwa mikono. Kiné aliniuliza juu ya kazi, usingizi, hata mawazo. Halafu akanilaza upande, akasema, "Toa pumzi," akasukuma. Mugongo ikalia kó!

Mulango ukafunguka kwa kishindo. Wifi yangu akaingia na mwavuli juu.

"Umemuvunja! Umevunja bibi ya kaka yangu!"

Kiné akakimbilia nyuma ya kitanda. "Mama, tulia! Ni hewa tu mu viungo!"

"Hewa gani inalia kama kuni?"

Nikaanza kucheka. Kucheka kunauma, na kuuma kukanichekesha zaidi.

Wifi alipokubali kushusha mwavuli, kiné akanieleza, bado yuko nyuma ya kitanda. "Maumivu yako ni ya kweli, mama. Lakini hapana kitu chenye kuvunjika. Mishipa ilizoea kupiga kelele hata kama hatari haiko. Mikono yangu itakupunguzia kidogo. Dawa yenyewe ni kutembea pole pole kila siku, kulala vizuri, na kuacha kujichunga kama yai."

"Donc, kumbe hakuwa anadanganya?" wifi akauliza.

"Hapana."

Akanigeukia, sauti imeshuka. "Mulamu, unisamehe. Nilikuwa nadhani unakimbia kazi."

Nikaanza kutembea, kwanza mpaka kwa kisima, halafu mpaka sokoni. Siku zingine mugongo ilinishinda, nikarudi kulala, kesho nikajaribu tena. Haikupona yote, lakini woga ulipungua.

Kwenye arusi moja kule Mutwanga nilicheza mpaka wapiga ngoma wakachoka. Asubuhi niliamka nimeshika kiuno, nikajikokota mpaka nje. Wageni wote uwanjani walikuwa wameshika viuno vyao.