Hodi ya Pangoni

Juzi, katika kabati la kioo la makumbusho mjini, niliyaona mawe yaliyochongwa na watu wa kale kabisa, yamechimbwa kwenye pango la kwetu Jambiani.

Alasiri moja ya utoto wangu bibi alinipeleka kwenye pango hilo, akafukiza ubani mlangoni, kisha akapiga hodi.

"Bibi, nani anakaa humu?"

"Wenyewe. Usipige kelele."

Mama alikuwa amezikwa karibuni, nami nilijua kuzikwa ni kuingia ardhini. Basi nikamwekea nusu ya andazi langu juu ya jiwe, nikasubiri aitike. Ndani maji yalidondoka tu, tone moja moja, mpaka ubani ukazimika.

Mbele ya kioo nilijikuta nasema hodi.

"Karibu, Bi mkubwa," alijibu mlinzi, "lakini tushafunga."