Nane ni ya Mota, Ishirini ni ya Waya

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile siku mashine ya kusaga ya Bernadeta ilipozima pale Mbuba. Wakati huo shingo yangu ilikuwa bado inabeba debe bila ngata. Wewe unayetaka kufunga mota yako, weka simu chini usikilize.

Bernadeta alikuwa mjane, na ile mota ndogo ya fezi tatu ndiyo iliyomlishia watoto. Ikiungua, basi tena. Siku hiyo shemeji yake, Petero, alileta makopa ya muhogo kwa ajili ya harusi ya binti yake, na harusi yenyewe ni kesho. Mashine ikanguruma, ikalemewa, ikazima. Wakaiwasha, ikazima tena.

"Shemeji, haka kadude ka ovalodi, haka kanakozima mota, kanatuchezea," akasema Petero. "Kako kwenye ampea nane! Fyuzi zako ni za ishirini. Kapandishe nako kafike ishirini tusage."

"Nane ni ya mota," akajibu Bernadeta. "Soma kibati chake. Ishirini ni ya waya."

"Umeme si ni uleule?"

"Na wewe na mkeo si mnakula chungu kimoja? Mbona hamvai kiatu kimoja?"

Sisi tuliopanga foleni ya kusaga tulicheka sote. Kisha akamweleza taratibu. Mota ikiamka humeza umeme mwingi sana, ila kwa kitambo kifupi. Fyuzi ya nane ingekatika kila ukiiwasha. Ndiyo maana fyuzi huachiwa nafasi, lakini isizidi uwezo wa waya, ili nyaya zikigusana ikate papo hapo. Ovalodi yenyewe huvumilia kule kuamka. Mzigo ukizidi na usipungue, au fezi moja ikipotea, huzima kabla mota haijaungua.

Akakata umeme, akachukua kopa moja kwenye gunia la Petero akajaribu kulivunja. Halikuvunjika, mwanangu. Lilipinda!

"Shemeji, mashine haina kosa. Muhogo wako haujakauka."

"Kwa hiyo wageni wangu wale nyimbo?"

Bernadeta hakukigusa kitufe cha kupandishia ovalodi. Alisafisha kinu, akaacha mota ipoe, halafu akatugeukia: "Nani atambadilishia kwa makopa makavu?" Yeye akatangulia na makopa yake makavu, nasi tukafuata, kila mtu kidogo. Ya Petero tukayaanika. Harusi ikala ugali, na mota ile inasaga hadi leo. Nimeona watu wengi wenye nguvu, lakini mkono uliotulia kama ule sijauona tena.

Basi, ovalodi iweke pale kibati cha mota kinaposema. Fyuzi, fundi aipime kwa mota na kwa waya wako, na usithubutu kufunga msumari mahali pake. Ikizima, usiitukane, tafuta kwanza kilichoilemea.

Mungu akupe mota yenye sauti nzuri, akupe na mashemeji wa kukupigia kelele, na moyo wa kuwaacha wapige.